Saa 12 ya nani? Jinsi maelezo ya mfumo yanavyogongana kabla programu haijaandikwa

Kila mfumo mpya ukianza kusumbua, iwe wa kulipia ada, wa kukata tiketi au wa kikoba, lawama mtaani zinaenda sehemu mbili tu: mtandao, au yule kijana aliyeuandika. "Programa kaharibu." Mimi kazi yangu ni kuchambua mifumo, yaani ndo yule mtu anayekuja na daftari kabla programa hajagusa kompyuta, anauliza mnataka nini, anachora, anaandika, anarudi kuuliza tena, na naomba niseme wazi kwamba mara nyingi programa anabebeshwa mzigo usio wake. Kafanya alichoambiwa. Shida ni kwamba aliambiwa vitu viwili visivyokaa pamoja, ukurasa wa 4 unasema hivi na mchoro wa ukurasa wa 19 unasema vile, ikabidi achague kimoja, na alichochagua sicho mteja alichokuwa nacho kichwani.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Mahitaji ya mfumo ni yale mfumo unayotakiwa kufanya, kwa nani, lini na kwa masharti gani. Hapo hakuna habari ya lugha za kompyuta kabisa. "Mwanachama aombe mkopo kwa simu" ni hitaji. "Mkopo usizidi mara tatu ya hisa zake" ni hitaji. Sasa mahitaji yakifika mia mbili, mia tatu, hakuna anayeweza kuyashika kichwani, kwa hiyo tunayaweka kwenye modeli, yaani michoro na majedwali: mchoro mmoja unaonyesha nani anafanya nini, mwingine unaonyesha hatua za kuomba mkopo mwanzo hadi mwisho, mwingine unaonyesha hali ambazo mkopo unapitia (umeombwa, umeidhinishwa, umechelewa, umelipwa), mwingine unaonyesha taarifa zipi zinatunzwa na zinahusianaje. Mfumo ni ule ule mmoja, unautazama kupitia madirisha tofauti. Uwiano maana yake ni kwamba ulichokiona kwenye dirisha hili kisikanushwe na ulichokiona kwenye dirisha lile.

Mfano rahisi kuliko wote ni kamati ya harusi. Kadi imeandikwa ukumbini saa 1 jioni, MC kaambiwa saa 2. Mpishi kapewa idadi ya watu 250 kwa sababu alichukua orodha ya kwanza ya wachangiaji, wakati ukumbi umelipiwa viti 200 kwa sababu aliyekwenda kulipia aliangalia orodha ya pili, ile iliyopunguzwa baada ya kikao. Siku ya siku watu wamesimama nje, chakula kimebaki, na kila mjumbe anatoa karatasi yake kuonyesha kwamba yeye hana kosa. Na ni kweli hana. Ukisoma kila karatasi peke yake iko sawa. Kosa limekaa katikati ya karatasi mbili, na hapo katikati hakuna mjumbe aliyepewa kazi ya kupaangalia.

Mimi hili somo nililipata kwa uchungu. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kiliomba mfumo mdogo wa kupokea marejesho kwa simu. Mweka hazina wao, mama mmoja makini sana, akaniambia: "Mwisho wa kupokea ni Jumamosi saa 12." Nikaandika hivyo hivyo, saa 12. Kichwani mwangu ilikuwa saa 12 jioni, jua linazama, maana nilikuwa nimekaa naye kwenye mkeka tunaongea Kiswahili na wala halikunijia wazo kwamba kuna saa 12 nyingine. Mwenzangu aliyekuwa anachora mchoro wa hali za rejesho, anachora kwenye kompyuta yenye saa zake za kompyuta, akaandika 12:00. Programa akasoma mchoro. Jumamosi ya kwanza, saa 6 kamili mchana, mfumo ukafunga mlango, na kila aliyelipa kuanzia hapo mpaka jioni akapokea meseji ya faini. Watu wamelipa ndani ya muda, meseji ya muamala wanayo kwenye simu, alafu wanaambiwa wamechelewa. Yule mama alipigiwa simu mpaka betri ikaisha. Masaa sita ya tofauti, na yote yalikuwepo kwenye nyaraka zetu wiki tano kabla, sentensi moja na mchoro mmoja vimelala kwenye faili moja vinapingana na sisi wote tumesaini.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua kuchomoza, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Na sio saa tu. Ukienda pwani mtu akakwambia "usiku wa Ijumaa" anaweza kabisa kuwa anamaanisha Alhamisi baada ya magharibi, kwa sababu kwake siku inaanza jua likizama. Yuko sahihi, mwenye kalenda ya kompyuta naye yuko sahihi, lakini wakiandika mahitaji ya mfumo mmoja bila kuambizana, mfumo utatoa riba siku isiyo yake.

Kwa hiyo mgongano wa kwanza na unaotokea sana ni wa maneno. Unakuja kwa sura mbili: kitu kimoja kina majina matatu, au jina moja lina vitu viwili. Mwandishi wa sehemu ya usajili anaandika "mwanachama", wa sehemu ya mikopo anaandika "mkopaji", wa sehemu ya meseji anaandika "mteja". Ni mtu yule yule? Programa hajui, anatengeneza majedwali matatu ya data, na baada ya mwaka mama mmoja ana namba tatu za simu kwenye mfumo na hakuna anayejua ipi ni yake.

Sura ya pili ni mbaya zaidi maana haionekani. Chukua neno "akiba". Sehemu moja ya maelezo inasema mkopo ni mara tatu ya hisa, sehemu nyingine inasema mara tatu ya akiba. Kikundini watu wanayatumia hayo maneno kama pacha, hakuna anayeshtuka. Sasa weka hesabu. Mama ana hisa 40, kila hisa sh 5,000, hiyo ni 200,000, mara tatu anakopa 600,000. Lakini kama aliyeandika "akiba" alikuwa anajumlisha na mfuko wa jamii, na mama kachangia 20,000 humo, basi ni 220,000 mara tatu, 660,000. Simu inamwambia unaweza kukopa laki sita na sitini, mweka hazina kwenye skrini yake anaona mwisho ni laki sita, na ugomvi wa elfu sitini umeanza kati ya watu wawili ambao hawajakoseana chochote.

Dawa yake haina gharama: kamusi ya mradi. Ukurasa mmoja au miwili, kila neno la kazi na maana yake, na likishaingia humo visawe vyake vinafukuzwa kwenye nyaraka zote, michoro yote, hata kwenye skrini. Shuleni mwalimu wa insha alitufundisha tusirudie neno, tutafute kisawe ili insha ipendeze. Kwenye mahitaji fanya kinyume. Rudia "mwanachama" mara mia nne, msomaji achoke, ni sawa, lakini asibaki anajiuliza kama "mshiriki" wa ukurasa wa 30 ni mtu mwingine.

Alafu kuna sarufi yetu yenyewe, na hili sijaona likisemwa sana. Kiswahili kina vitu vitamu kwenye mazungumzo ambavyo kwenye mahitaji vinakuwa mtego. Angalia hii "ki". "Mwanachama akichelewa, atatozwa faini." Ni "kila anapochelewa" au "kama itatokea amechelewa" au "kwa muda wote ambao amechelewa"? Ya kwanza ni faini kwa kila tukio, ya tatu unaweza kuisoma kuwa faini ya kila siku mpaka alipe. Au hii: "Mweka hazina akimjulisha mwanachama kuwa amekosea kiasi, atarekebisha." Nani atarekebisha? Ile "a" imembeba mweka hazina na imembeba mwanachama kwa pamoja. Na "mkopo utaidhinishwa", na nani? Mwenyekiti peke yake? Kikao? Mfumo wenyewe? Mchoraji mmoja ataweka mwenyekiti, mwingine ataweka mfumo, na wote watakuwa wamesoma sentensi ile ile.

Wenzetu walishalipatia dawa kwa lugha yao. Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce, wale wa injini za ndege, walitoa utaratibu unaoitwa EARS, ambao kwa ufupi unasema usiandike hitaji kwa namna unayojisikia, kuna miundo michache ya sentensi, chagua mmoja. Tukio lina sentensi yake, hali inayoendelea ina yake, jambo baya lisilotarajiwa lina yake. Mimi kwa Kiswahili nimejizoesha hivi: tukio naanza na "pindi" (pindi mkopo unapoidhinishwa, mfumo utume meseji), hali naanza na "kwa muda wote ambao" (kwa muda wote ambao rejesho limechelewa, mfumo uzuie mkopo mpya), balaa naanza na "endapo" (endapo meseji haikufika, mfumo urudie kuituma). Ile "ki" naiacha kwenye maongezi. Na "anaweza" nayo naiogopa, kwa sababu "mweka hazina anaweza kufuta faini" inaweza kuwa ruhusa, inaweza kuwa uwezo, inaweza kuwa tahadhari. Watu wa viwango vya intaneti waliona hatari ya namna hiyo mapema, mwaka 1997 wakatoa hati fupi, RFC 2119, ambayo kazi yake nzima ni kueleza uzito wa maneno ya namna hii: lipi ni lazima, lipi linapasa isipokuwa kuna sababu nzito, lipi ni hiari.

Haya, maneno yakishatulia tunapanda kwenye tabia ya mfumo, na hapa ndo michoro inapogombana kweli. Michoro mingi ya kazi hii inachorwa kwa UML, lugha ya michoro iliyotokana na kazi ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ikapitishwa na OMG, muungano wa kampuni za kompyuta unaotunga viwango, kuwa kiwango mwaka 1997. Siku hizi ina aina 14 za michoro. Inafaa sana, mimi naitumia, ila ujue kwamba haikuzuii kuchora mchoro wa hatua ambao mwanachama aliyesimamishwa analipa deni na kurudi, na pembeni yake mchoro wa hali ambao ukishaingia "amesimamishwa" hakuna mshale wa kutoka. Ukiitazama kila mmoja kwa wakati wake imenyooka. Kuigundua hiyo inabidi uchukue mtu mmoja wa kufikirika, umpe jina, umtembeze kwenye michoro yote kwa siku moja: Mama Neema kaingia, kakopa, kachelewa, kasimamishwa, kalipa, karudi. Kidole kimoja kwenye mchoro huu, kidole kingine kwenye ule, vyote vinasogea pamoja. Kidole kimoja kikikwama wakati mwenzake anaendelea, umeupata mgongano.

Njia nyingine ninayoipenda kuliko zote ni jedwali la maamuzi. Maneno yana tabia ya kuficha mashimo, jedwali haliwezi. Sema nani anaruhusiwa kukopa inategemea maswali matatu ya ndiyo au hapana: yuko hai kwenye kikundi, yaani hajasimamishwa? Ana mkopo ambao haujaisha? Ana wadhamini wawili? Maswali matatu yanazaa mistari minane, huwezi kubishana na hiyo hesabu. Chukua sasa maelezo ya kurasa tatu yaliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri na ujaze mistari minane. Mara nyingi nakuta mitano imejibiwa, miwili imesahaulika, na mmoja umejibiwa mara mbili, sehemu moja "ndiyo" na sehemu nyingine "hapana". Ulisoma kurasa tatu mara nne hukuona kitu.

Majedwali haya yana historia nzito. Mwaka 1978, Kathryn Heninger, David Parnas na wenzao kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani waliandika upya mahitaji ya programu ya ndege ya kivita A-7 kwa kutumia majedwali, ili isitokee hali angani ambayo karatasi haijaisema au imeisema mara mbili. Njia ile ikakua ikaitwa SCR, na baadaye Constance Heitmeyer na wenzake wakatengeneza zana za kompyuta zinazokagua majedwali yenyewe kabla programu haijaandikwa.

Kuna mgongano mwingine ambao ni wa ngazi, na mfano wake mkubwa ninaoujua uko Mars. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Polar Lander kilipotea tarehe 3 Desemba 1999 kikiwa kinatua. Kilikuwa na miguu mitatu yenye vihisi vya kutambua kwamba imegusa ardhi, ili injini zizimwe. Wahandisi walijua kwamba miguu ikifunguka angani, kama mita 1,500 juu, ule mtikisiko unaweza kuvifanya vihisi viseme kwa muda mfupi sana "tumegusa". Kwenye mahitaji ya juu, ya chombo kizima, ilisemwa taarifa za vihisi zisitumike mpaka kifike mita 12 kutoka ardhini. Lakini mahitaji yalipoteremshwa kwenda kwa waandishi wa programu, ile habari ya ishara ya uongo haikuelezwa. Programu ikaitunza ishara ile, na kulingana na maelezo ambayo wachunguzi waliona yana uwezekano mkubwa zaidi, chombo kilipokaribia ardhi na programu ikaruhusiwa kuangalia kama kimetua, jibu lilikuwa tayari liko pale: kimetua. Injini zikazimwa. Kikaanguka.

Nikifikiria hiyo hadithi naumia, kwa sababu ujuzi ulikuwepo. Mtu alijua. Akauandika kwenye karatasi yake. Ndo maana kila hitaji la chini lazima libebe namba ya hitaji la juu lililolizaa, na la juu likibadilika uweze kuwataja watoto wake wote kwa namba, ukawakague mmoja mmoja. Na sababu ya hitaji iandikwe pembeni yake. "Mita 12" bila "kwa sababu vihisi vinadanganya miguu ikifunguka" ni namba tu, na namba tupu ni rahisi kudondoka njiani.

Sasa kuna mambo watu wanaambizana ambayo nayasikia kila mradi. Wapo wanaosema siku hizi tunafanya kazi kwa vipande vya wiki mbili mbili, habari ya modeli na mahitaji ni mambo ya zamani. Kufanya kwa vipande ni kuzuri, lakini kadi ya hitaji ya wiki ya 2 na kadi ya hitaji ya wiki ya 9 zinaweza kupingana vizuri tu kama kurasa mbili za kitabu, tofauti ni kwamba kadi ya wiki ya 2 imeshafungwa na hakuna anayeisoma tena. Wapo wanaotaka kununua zana ya gharama. Zana itakuonyesha kisanduku kisicho na mshale, ni msaada mkubwa, ila haitajua kwamba akiba ya katibu sio akiba ya mweka hazina. Na sasa hivi kuna akiliunde, mtu anaiambia iandike mahitaji yote kwa dakika tano, inatoka nyaraka laini kama hariri na kila ukurasa una neno lake la mwanachama. Mimi naitumia upande mwingine, naipa nyaraka zangu niliyoandika mwenyewe naiambia nitafutie sentensi mbili zinazopingana, inasaidia, inaokota ambazo macho yangu yameshazizoea. Kuamua ipi ibaki, hapana, hiyo ni kazi ya wenye kikundi.

Na kubwa kuliko yote, uwiano sio usahihi. Kama mimi na mwenzangu wote tungeandika 12:00, sentensi na mchoro vingekubaliana kabisa, ukaguzi wowote ungepita, na wale watu wangepigwa faini vile vile. Uwiano unakuhakikishia kwamba mnasema jambo moja. Kama jambo hilo ndo mama mweka hazina alilolitaka, hiyo lazima uende ukamuulize.

Pia sio kila mgongano ni wa kukimbilia kuufuta. Miaka ya 1990 kina Anthony Finkelstein, Jeff Kramer na Bashar Nuseibeh pale Imperial College London walifanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba maelezo ya watu tofauti yatapingana tu, na unaweza kuendelea na kazi nayo huku unajua yanapingana wapi. Hii imenisaidia sana. Mwenyekiti anasema aliyefukuzwa hana kurudi, katibu anasema anarudi baada ya miezi sita. Mchambuzi mwoga anachagua kimya kimya upande mmoja, anachora, mambo yanaenda. Usifanye hivyo. Andika zote mbili, weka alama nyekundu, andika nani wa kuamua na kikao cha lini, alafu endelea na sehemu nyingine ambazo haziguswi na jambo hilo.

Yule mama wa saa 12 tulirudi kwake. Safari hii niliandika "saa 12 jioni (18:00)" kila mahali, maneno na namba pamoja, na nikabeba jedwali la mistari minane nikamsomea kwa sauti, yeye anachambua mchele. Wa kwanza sawa, wa pili sawa. Mstari wa sita ulikuwa mwanachama aliyesimamishwa, hana deni, ana wadhamini wawili: hakopi. Akasimamisha mikono. "Sawa hakopi, lakini hao wadhamini wake, kama mmoja wao naye kasimamishwa? Huyo si mdhamini tena." Swali la nne, hatukuwa nalo kabisa. Nikafuta jedwali, tukachora lingine la mistari 16.